Kamba ikivunjwa juu ya mgeni



Katika inchi yetu, ukitaja ngumi, kila mzee anakumbuka Kinshasa. Tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali na George Foreman walipigana pale kabla ya jua kutoka, saa ambayo wengi wetu tunaamka kwenda poste ya asubuhi. Walikuwa watu weusi wawili wa Marekani, vitukuu vya watumwa, na kila mmoja alikuwa ameahidiwa dola milioni 5. Kulikuwa magan ya ngozi, arbitri, munganga, kontra na televizyo ya dunia nzima. Baba zetu walishangilia mpaka sauti ikaisha, na watoto wetu wanasimuliwa hiyo habari mpaka leo.

Leo tunataka kuwasimulia habari ya mweusi mwingine wa Marekani, aliyepigana miaka 164 mbele ya usiku ule wa Kinshasa. Yeye alipigana mikono mitupu, bila magan, katika matope, na kontra yake ilikuwa neno la mdomo la matajiri. Jina lake ni Tom Molineaux. Tunamsimulia juu kisa chake kinatuhusu sisi watu wa mugodi, tena kinatuhusu pande mbili. Upande wa kwanza tutaupenda. Upande wa pili utatuuma.

Wanasimulia kwamba Molineaux alizaliwa mwaka wa 1784, mtumwa kule Virginia, na kwamba alipata uhuru kwa ngumi: bwana wake alimpiganisha na mtumwa wa jirani, akashinda pari kubwa, akamwachilia. Hayo ni masimulizi. Jambo la hakika ni kwamba mwaka wa 1809 alifika London, kijana wa miaka karibu 25, bila ndugu na bila mtu wa kumsemea. Alikuwa mgeni kabisa, sawa vile wengi kati yetu walivyofika hapa Katanga na mfuko mmoja wa nguo na anwani ya mjomba kwenye karatasi.

Mjue pia Uingereza ya wakati ule. Mwaka wa 1807 ilikuwa imekataza biashara ya watumwa, lakini watumwa wa makoloni yake walibaki watumwa mpaka 1834. Ilikuwa vitani na Ufaransa ya Napoleon, na wakubwa walipenda kusema kwamba ngumi ya Mwingereza njo alama ya nguvu ya inchi yote. Mapigano ya feza yalikatazwa na sheria, kwa hiyo yalifanyika mbali, katikati ya mashamba. Maelfu ya watu walikwenda kuyaangalia, mabwana katika magari ya farasi, maskini kwa miguu.

Aliyempokea Molineaux ni Bill Richmond. Huyu pia alikuwa mweusi, alizaliwa mtumwa mwaka wa 1763 Staten Island, karibu na New York. Akiwa kijana, afisa mmoja Mwingereza alimvusha bahari, mwaka wa 1777. Richmond alijifunza useremala mjini York, kutengeneza kabati na viti. Kiisha akawa bokseri, kiisha akafungua nganda yake mwenyewe pale London. Yeye alimfundisha Molineaux, akamtafutia mapigano, akasimama katika kona yake. Mgeni wa kwanza alimpokea mgeni wa pili. Katika miezi michache ya mwaka wa 1810 Molineaux alishinda mara mbili, na hapo akaitisha shampioni mwenyewe wa Uingereza, Tom Cribb.

Na huyu Cribb alikuwa nani? Hakuwa bwana hata kidogo. Alizaliwa mwaka wa 1781 Hanham, karibu na Bristol, na alipofika London alifanya kazi ya kubeba makaa ya mawe bandarini. Njo maana watu walimwita Almasi Nyeusi. Mtu wa makaa, bandugu! Angekuwa hapa kwetu angevaa kofia ya chuma kama sisi, na jioni angekohoa vumbi kama sisi.

Basi waliopigana walikuwa mbeba makaa na mtumwa wa zamani. Waliosimama pembeni na saa mfukoni walikuwa makapteni na watu wa ukoo mkubwa. Wazee wanasema fahali wawili wakipigana, nyasi ndizo zinaumia. Pale ilikuwa kinyume: fahali waliumia wote wawili, na wenye shamba walihesabu feza.

Msifikiri hapakuwa na sheria. Sheria ziliandikwa tangu 1743 na bokseri wa zamani, Jack Broughton. Raundi haikuwa na dakika. Iliisha mtu mmoja akianguka. Akianguka, watu wa kona yake walikuwa na nusu dakika ya kumrudisha katikati, na asiporudi ameshindwa. Ilikatazwa kumpiga mtu aliye chini. Na waamuzi wawili walichaguliwa kati ya mabwana waliokuwapo.

Hiyo ya mwisho msome tena polepole. Mabwana waliokuwapo njo walewale walioweka pari.

Ilikuwa Desemba 1810, baridi na mvua. Wengi waliamini Cribb atamaliza kazi upesi. Haikuwa vile. Raundi moja baada ya nyingine, mgeni alirudisha ngumi kwa ngumi, na nyuso za wote wawili zikaharibika hata haikuwa rahisi kuwatambua. Karibu na raundi ya 19 walishikana kwenye kamba, na Cribb alikuwa katika taabu. Hapo watu wakavunja duara, wakaingia. Katika msukumano ule, wengine waliandika, kidole cha Molineaux kilivunjika.

Kuna na kisa kingine, kinachosimuliwa mara mingi ingawa si kila mwandishi wa siku ile alikitaja. Wanasema Cribb alianguka, nusu dakika ikapita, naye hajasimama. Mtu wa kona yake akapiga kelele kwamba Molineaux anaficha risasi katika ngumi zake. Wakasimamisha kila kitu, wakabishana, wakamfungua mikono. Risasi haikuonekana. Lakini wakati walipotafuta risasi, Cribb alirudisha pumzi. Mwenye kutaka akikatae kisa hiki. Ule msukumano kwenye kamba unabaki palepale.

Walipigana zaidi ya raundi 30. Mwishoni baridi na uchovu vilimaliza Molineaux, akashindwa kuendelea. Siku chache nyuma barua yake ilitoka gazetini, akimwita Cribb tena. Aliandika kwa heshima. Alisema hali ya hewa ilimzuia, na kwamba anatumaini kuwa na rangi nyingine kuliko watu aliokuja kukimbilia kwao hakutamnyima haki. Hakuomba kuhurumiwa. Aliomba sheria iwe ileile kwa wote wawili, basi.

Walipigana mara ya pili tarehe 28 Septemba 1811, mahali panapoitwa Thistleton Gap, mbele ya maelfu ya watu. Sasa angalieni ginsi kila mmoja alivyotayarishwa. Cribb alichukuliwa na tajiri mmoja, Kapteni Barclay, akapelekwa Scotland kwa majuma mengi, akatembezwa milimani, akapunguzwa uzito, akalishwa kwa kipimo. Molineaux alikuwa anazunguka miji akionyesha ngumi ili apate chakula, na pombe ilikuwa imeanza kumshika. Raundi 11 tu, haikufika dakika 20. Cribb alimvunja taya.

Inasimuliwa kwamba Barclay alishinda pauni 10,000 za pari siku ile. Molineaux alichangiwa karibu pauni 50 na watazamaji. Mwenye taya iliyovunjika 50, mwenye kuangalia 10,000. Sisi tunaojua ton moja ya shaba inauzwa bei gani, na tunaojua kilichoandikwa kwenye fishi yetu ya malipo, hatuhitaji mtu kutufafanulia hiyo hesabu.

Kiisha hapo Molineaux aliteremka ngazi moja moja. Aliachana na Richmond. Alifungwa buloko juu ya madeni. Alipigana bado hapa na pale, Uingereza na Scotland, akishinda na kushindwa, na ngumi yake ikauzwa bei ya chini kila mwaka. Mwishoni alivuka kwenda Ireland. Tarehe 4 Agosti 1818 alikufa mjini Galway, katika chumba cha wapiga muziki wa kikosi cha 77 cha jeshi. Alikuwa na miaka 34. Waliomtunza mpaka pumzi ya mwisho walikuwa wanajeshi weusi wa kikosi kile, wageni kama yeye. Kati ya wote waliotajirika kwa ngumi zake, hakuna aliyekuwapo.

Upande wa kwanza wa kisa, basi, tunaujua bila kufundishwa. Mwili wa mfanyakazi ni mali ikiwa na nguvu. Ikivunjika, hakuna mwenye kuijua. Tumeona wenzetu walioingia mugodini na mabega ya nyati, leo wanakaa mbele ya nyumba na mgongo uliokwisha, wakihesabu kamyo zinazopita.

Sasa upande wa pili.

Tujiulize: ni nani aliyevunja duara siku ile ya Desemba 1810? Sisi hatuamini kwamba ni malordi peke yao walioshuka katika magari yao kuchafua viatu. Tunaamini kati ya wale walioingia kulikuwa watu kama Cribb: wabeba mizigo, wachinjaji wa nyama, watu wa kazi ngumu. Labda mfukoni walikuwa na shilingi chache za pari. Lakini zaidi waliogopa kitu kimoja, kwamba mtu wa kuja atamshinda mtu wa kwao. Kwa ile woga walikanyaga sheria iliyomlinda kila bokseri maskini, pamoja na mtoto wao wenyewe kesho.

Bandugu, tuseme ukweli. Sisi tunapenda kujiona Molineaux. Mara mingine sisi ni wale wavunja kamba.

Kwenye mugodi mmoja ambao hatutaji, kulikuwa mwenzetu aliyetoka jimbo lingine, ameandikwa na moja ya zile kampuni zinazokodisha watu, za sous-traitance. Usiku mmoja kamyo yenye freni mbovu ilirudi nyuma ikamponda mguu. Kila mtu wa poste ile alijua habari ya zile freni. Tulikuwa tumeisema majuma mawili mbele. Kesho yake PV ilikuwa imekwisha kuandikwa: mfanyakazi alisimama mahali palipokatazwa, kosa ni lake. Tulikuwa watu 14 usiku ule. Walipotafutwa mashahidi, watatu tu walikubali kuandika majina. Wengine waliangalia chini. Mmoja alisema wazi, na wengine wakacheka: "Ule ni mutu wa kuya, ba ndugu yake njo batamusemea."

Na sisi wa sendika tusijifiche nyuma ya mgongo wa wengine. Tulichelewa siku nne. Tulisema tunangoja habari kamili. Ukweli ni kwamba hata kati yetu kulikuwa mnong'ono kwamba hii si shauri yetu, juu yule hakuwa amelipa mchango. Mwenzetu alitoka hospitali na fimbo, kontra yake ikaisha, akarudi kwao na bibi na watoto watano. Hatujui leo anakula nini.

Miezi mitano ilipita. Kamyo ileile, freni zilezile, ikamponda kijana wa hapahapa, mtoto wa mtaa, mama yake tunamwita mama sisi wote. PV ikatoka: mfanyakazi alisimama mahali palipokatazwa, kosa ni lake. Maneno yaleyale, jina tu njo lilibadilishwa. Mama alikuja kwetu akilia, akauliza mashahidi wako wapi. Sasa watu 20 walitaka kuandika. Lakini bwana mmoja wa ofisi alitoa karatasi ya mara ya kwanza, akatuuliza kwa utulivu: "Ile mara ya mbele, kosa lilikuwa la mfanyakazi, na ninyi mlinyamaza. Leo kimebadilika nini?" Hatukuwa na jibu. Kamba tulikuwa tumeivunja sisi wenyewe, na siku mtoto wetu alipoitafuta hakuikuta.

Wengine watatujibu: kazi ni kidogo, vijana wa hapa wanakaa bila kazi, na kila juma watu wanashuka kutoka mbali. Hayo ni kweli, hatuyakatai, na tunayasema kila tunapokaa na wakubwa. Kupigania vijana wa hapa waandikwe kazi ni haki. Lakini namna ya kuandika watu ni shauri moja, na mguu uliopondwa ni shauri lingine. Mtu akiisha kushuka mugodini pamoja nawe, anavuta vumbi lako, na freni mbovu haimuulizi jimbo lake. Sheria ya kazi ya mwaka wa 2002 inampa kila mfanyakazi haki ya kuingia sendika. Haikuandikwa pale kwamba ni mpaka awe wa kabila fulani. Nani anafurahi tukigawana? Yule yule aliyesimama pembeni na saa mfukoni.

Basi tunaomba nini? Mambo machache, na kila moja linatoka katika kisa cha Molineaux.

Yeye aliamuliwa na watu waliochaguliwa kati ya mabwana. Kwa hiyo PV ya ajali isitiwe sahihi bila delege kuwapo. Ukiambiwa ni haraka, jibu kwa heshima kwamba mguu hautakimbia. Waliokuwapo waandike majina yao siku ileile, kabla ya kulala, awe ni ndugu ao si ndugu.

Yeye alikuwa na Richmond katika kona yake, na siku walipoachana aliteremka ngazi moja moja. Kwa hiyo uchaguzi wa madelege ukikaribia, usiuze sauti yako juu ya kasha la bia ao juu ya lugha ya kijiji. Angalia ni nani aliyebaki na mgonjwa hospitalini. Huyo njo wa kona yako.

Yeye alichangiwa baada ya kuvunjika taya, kofia ikipita kati ya watu waliokuwa tayari kwenda nyumbani. Mchango wa huruma ni mdogo siku zote. Tuweke mfuko wetu mbele ya ajali, franka kidogo kila mwezi, na umfae kila aliyeumia kazini, wa kampuni kubwa na wa sous-traitance. Na vijana, jifunzeni na ufundi mwingine. Richmond alijua kupiga ngumi, lakini alijua pia mbao, na alikuwa na mlango wake wa kufungua asubuhi. Ngumi inazeeka mbele ya mtu.

Tumalize na Richmond. Mwaka wa 1805 yeye pia alipigana na Cribb, akashindwa. Molineaux, mwanafunzi wake, alishindwa na Cribb mara mbili. Lakini miaka ilipopita, Cribb akiwa na nganda yake pale London, Richmond alikuwa anakwenda kukaa naye. Jioni ya mwisho ya maisha yake, Desemba 1829, aliipitisha kwa Cribb. Mbeba makaa na seremala aliyezaliwa mtumwa, wazee wawili wenye vidole vilivyopinda, wakinywa meza moja. Mabwana waliowapiganisha walikuwa mbali, na Molineaux alikuwa amelala katika udongo wa Ireland miaka 11.

Labda siku ile waliona kwamba hawakuwa adui hata mara moja. Sisi tusingoje uzee ili tuone hiyo. Poste ya usiku inaanza saa nne. Ukishuka, angalia aliye karibu yako, mtu wa hapa ao mtu wa kuja, na umwambie: nikianguka utaandika jina lako, nawe ukianguka nitaandika langu.